Maambukizi ya jicho yalishapona, kwa nini sasa retina ya mzee imebanduka?

Kijana wa Usambara

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba maelezo kwa mwenye ujuzi wa macho, au kwa yeyote aliyewahi kupitia jambo hili, kwa sababu familia yetu imegawanyika na siku zinakwenda.

Baba yangu ana miaka 68, ni mkulima wa viazi huku Lushoto. Wiki sita zilizopita aliondolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, akawekewa lenzi ya bandia, na kesho yake bandeji ilipofunguliwa akaisoma saa ya ukutani bila miwani, akawa anacheka peke yake. Siku ya tano jicho likaanza kuuma usiku, na kulipokucha kope zilikuwa zimevimba na weupe wote wa jicho umeiva kama nyanya. Sisi tulidhani ni kidonda cha upasuaji tu, tukaendelea na matone aliyopewa. Tulipomrudisha siku ya saba alikuwa anauona mkono ukipungwa mbele ya uso wake, lakini vidole hawezi kuvihesabu. Daktari alimmulika, akatuonyesha usaha uliotuama chini, mbele ya ile duara ya rangi ya jicho, umelala mstari mnyoofu kama maziwa yaliyotulia chini ya glasi. Alisema bakteria wameingia ndani ya jicho. Siku hiyohiyo alivuta maji kidogo kutoka ndani, akadunga dawa mbili za kuua bakteria humohumo.

Baada ya siku mbili maumivu yalipungua. Wiki ya nne wekundu ulikuwa umekwisha na mzee alihesabu vidole kutoka mita tatu, nasi tukachinja jogoo. Juzi akaanza kusema kwamba maji yanajaa ndani ya jicho. Ndivyo anavyoeleza mwenyewe: kivuli kinapanda kutoka chini, asubuhi kiliishia kwenye magoti ya mtu aliyesimama mbele yake, jioni kilikuwa kimefika kifuani. Hasikii maumivu yoyote. Jana kliniki ya macho walimpima kwa altrasaundi, wakasema retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka upande wa juu, wakatuandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji wa kuondoa ute wa ndani ya jicho na pengine kuweka mafuta.

Baba mdogo anasema sindano ile ndiyo iliyoharibu jicho, na kwa kuwa haliumi, tusubiri kwanza viazi vichimbwe. Mzee mwenyewe anasema jicho limeshatobolewa mara mbili na ya tatu hataki. Mimi nashindwa kuelewa: kama bakteria walikufa, nini kimeibandua retina? Na huo upasuaji una faida kweli, au tunampeleka mzee kuteseka?

Daktari wa Zamu

Ndugu, mpe mzee shikamoo yangu na pole nyingi. Mimi ni daktari wa macho, ila sijamchunguza mzee, kwa hiyo yachukue haya kama maelezo, na rufaa mliyopewa ibaki palepale.

Nianze na baba mdogo, maana hilo la kusubiri viazi ndilo litakalopoteza jicho. Retina haina neva za maumivu. Inaweza kuchanika na kubanduka yote, na mgonjwa akala chakula chake cha jioni bila kuhisi chochote isipokuwa giza. Halafu kile kivuli kinachopanda kutoka chini kina maana yake. Jicho hupokea picha kichwa chini miguu juu, kwa hiyo kivuli cha chini ni retina ya juu iliyoachia, sawasawa na altrasaundi ilivyoonyesha. Retina ikiachia juu, maji yaliyopenya nyuma yake huteremka kwa uzito wake na kuendelea kuibandua, na ndiyo maana hali hii huenda kwa kasi kuliko ile inayoanzia chini. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo ndiyo tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Kama makula bado imeshika, upasuaji hutakiwa ndani ya siku moja au mbili. Kama imeshaachia, bado ni suala la siku, kwa sababu chembe zinazopokea mwanga hupata hewa na chakula kutoka tabaka lililo chini yake, na zikitenganishwa nalo huanza kufa njaa. Kivuli kilichokuwa magotini asubuhi na kifuani jioni hakitangoja mavuno.

Sasa swali lako. Retina haikugundishwa. Imelala ukutani mwa jicho kama karatasi yenye unyevu iliyolazwa juu ya kioo, ikishikiliwa zaidi na tabaka la chini yake linalofyonza maji mchana na usiku, na mbele yake kuna ute mzito unaolijaza jicho. Bakteria walipoingia, sumu yao na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana nao vilifanya uharibifu wa namna mbili kwa pamoja. Kwanza, retina yenyewe iliungua mahali mahali na kuwa dhaifu, na palipo dhaifu hutoboka. Pili, ute ulichafuka, sehemu ukawa maji na sehemu ukashikana kuwa nyuzi za kovu, na kovu lina tabia ya kujikunja. Aliyewahi kumwona mtu aliyeungua mkono anajua vidole vinavyovutwa miezi kadhaa baada ya moto kuzimika. Nyuzi hizo huivuta retina mpaka ichanike, kisha maji hupenya kwenye tundu na kuibandua. Dawa iliua bakteria, na ilifanya kazi yake vizuri, lakini haina uwezo wa kulinyoosha kovu. Kwa hiyo wekundu kuisha na retina kubanduka ni mambo mawili yanayoweza kabisa kufuatana, na kwa kawaida hufuatana kwa wiki au miezi.

Halikumpata mzee wenu peke yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulihusisha wagonjwa 420 waliopata maambukizi ya aina hii baada ya kuondolewa mtoto wa jicho, na takriban 8 katika kila 100 retina zao zilibanduka baadaye, pamoja na kwamba walitibiwa haraka na kwa uangalizi wa karibu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mgonjwa anayefika akiona mwanga tu hunufaika zaidi akiondolewa ute mara moja, lakini yule anayeona angalau mkono ukipungwa, kama mzee alivyokuwa, anaweza kuanza kwa sindano ya dawa. Kwa hiyo aliyempokea hakukosea.

Na sindano? Nisiwe mwongo, chombo chochote kinachoingia ndani ya jicho kinaweza kuchana retina, na kuvuta ute kwa sindano katika jicho lenye usaha si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi. Hata hivyo sindano za namna hii hutumika kila siku kwa wagonjwa wa kisukari walioharibika retina, na kubanduka kwa sababu ya sindano hutokea kwa chini ya sindano moja katika kila 1,000. Maambukizi yasiyodungwa dawa, kwa upande mwingine, hulimaliza jicho kwa siku chache. Baba mdogo anamlaumu aliyezima moto.

Upasuaji wenyewe hufanyika kupitia vitundu vitatu visivyofika milimita moja kwenye weupe wa jicho: kimoja cha kuingizia maji, kimoja cha taa, kimoja cha kifaa kinachokata na kunyonya ute. Nyuzi za kovu huondolewa, retina hurudishwa mahali pake, tundu huzungushiwa leza, kisha jicho hujazwa gesi au mafuta ya silikoni ili retina ikae imebanwa wakati leza inashika. Kabla Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, hajaonyesha katika miaka ya 1920 kwamba siri ni kuliziba tundu, mgonjwa wa retina alilazwa kitandani wiki nyingi bila kutikisika, na wengi waliamka vipofu vilevile.

Jambo moja linalowahusu ninyi watu wa milimani. Mkifika, mwambieni daktari wa upasuaji mnakotoka. Gesi ikiwekwa jichoni, mgonjwa haruhusiwi kupanda ndege mpaka iishe, nayo huchukua wiki 2 hadi 8 kutegemea aina yake, na wengi husahau kwamba mlima nao ni ndege ya polepole. Kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto mnakwea karibu kilomita moja kwenda juu. Gesi hutanuka, shinikizo la jicho hupanda, na mgonjwa anaweza kupoteza uono njiani. Mafuta hayatanuki. Daktari wa upasuaji ndiye atakayeamua, lakini lazima ajue.

Bi Subira, Dodoma

Kaka, pole sana, na mzee mpe pole. Mimi si daktari, ila nimelala kifudifudi siku kumi kwa ajili ya jicho langu la kushoto, kwa hiyo naandika kama mwenzenu.

Wangu hawakuwa bakteria. Nilikuwa nimetoka kuugua mkanda wa jeshi, malengelenge yamekauka, nikadhani shughuli imekwisha. Baada ya muda jicho likawa jekundu kidogo, likauma kwa mbali, na nikaanza kuona vitu vyeusi vinaelea kama masizi ya kuni. Nilipokwenda mara ya kwanza nilipewa matone ya mzio, nikayatumia wiki nzima. Aliyegundua tatizo ni daktari wa pili, ambaye alinitilia dawa ya kupanua mboni na kutazama mpaka pembezoni, akaona mabaka meupe kwenye retina. Alinieleza kwamba virusi vilevile vya mkanda wa jeshi vinakula retina kuanzia pembeni kwenda katikati. Nililazwa, nikapewa asiklovia, dawa ya kuzuia virusi, kwa dripu kila baada ya saa nane kwa siku kumi, kisha vidonge kwa miezi mitatu, ambavyo nilivichukia, lakini niliambiwa vinalinda jicho la pili, kwa kuwa bila dawa wengi huambukizwa na la pili ndani ya wiki chache.

Virusi vilizimwa. Retina iliyobaki, kwa maneno ya daktari wangu, ilikuwa kama kanga iliyoliwa na mende: ipo, lakini ukiinyanyua kwenye mwanga unaona matundu. Wiki ya tisa, nikiwa sina wekundu wala maumivu, niliona vimulimuli pembeni nilipozima taa, na kesho yake pazia likashuka upande wa puani. Nilipanda basi siku hiyohiyo kwa sababu nilikuwa nimeonywa. Hilo la kuonywa ndilo naona linakosekana kwa wagonjwa wengi. Tunaambiwa umepona, nenda nyumbani, bila kuambiwa kwamba pazia likitokea urudi usiku huohuo.

Niliwekewa mafuta. Leo kwa jicho hilo nahesabu vidole kutoka mita tatu na ninajua nani ameingia mlangoni kwa umbo lake. Kusoma sisomi. Kuhusu kulala kifudifudi, jiandaeni kabla: mimi nilikunja kanga mbili juu ya kigoda, paji la uso likakaa hapo, na redio ikawekwa sakafuni. Uji wa mrija ndio uliokuwa rahisi kuliko vyote.

Muuguzi wa CTC

Naongezea alilosema Bi Subira, kwa kifupi, maana nafanya kazi CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Yeyote mwenye maambukizi ya retina yatokanayo na virusi anapaswa kupimwa VVU kama hajui hali yake, kwa sababu mwenye CD4 (kipimo cha chembe za kinga katika damu) chini ya 50 anaweza kupata virusi viitwavyo saitomegalo, ambavyo navyo huila retina na kuiacha nyembamba mpaka ibanduke, mara nyingi bila maumivu na bila jicho kuwa jekundu hata kidogo. Tangu dawa za kufubaza VVU zienee tunawaona wachache, lakini bado tunawaona, hasa walioacha dawa. Mteja akiniambia anaona nzi wanaoruka mbele ya jicho, simpi rufaa ya wiki ijayo.

Mstaafu wa Reli

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila mzee ana haki ya kusikia na upande wa pili. Mjomba wangu alipata usaha ndani ya jicho baada ya kuchomwa na mwiba wa mkonge shambani. Retina ikabanduka, akafanyiwa upasuaji, ikakaa miezi miwili, ikabanduka tena, akafanyiwa wa pili, na mwisho jicho likasinyaa likawa dogo kama la mtoto. Ng'ombe wawili waliuzwa. Sisemi msimpeleke. Nasema mzee asiahidiwe saa ya ukutani.

Daktari wa Zamu

Mstaafu amesema kweli na sina la kumpinga. Jicho lililopata maambukizi lina makovu mengi kuliko jicho la kawaida, makovu huota tena na kuivuta retina hata baada ya upasuaji mzuri, na baadhi ya wagonjwa hurudi chumba cha upasuaji mara mbili au tatu. Maambukizi yaliyoingia kwa mwiba au kitu cha shambani ni mabaya zaidi ya yale ya baada ya kuondoa mtoto wa jicho, kwa kuwa jeraha lenyewe huwa limeshaharibu mengi na vijidudu vya udongoni ni vikali. Tusiyapime macho hayo mawili kwa kipimo kimoja.

Kuna kipimo mnachoweza kufanya leo usiku ambacho kitamsaidia mzee kuamua. Zimeni taa, jicho zuri lifunikwe kabisa kwa kiganja bila upenyo, kisha umulike tochi kutoka urefu wa mkono: juu, chini, kulia, kushoto, huku mzee akionyesha kwa kidole mwanga unatoka wapi. Kama haoni mwanga wowote, upasuaji huwa na faida ndogo mno na daktari wa retina atawaambia hivyo waziwazi. Kama anaonyesha pande nyingi kwa usahihi, retina hiyo bado ina kazi ya kuokolewa. Natarajia ashindwe mwanga wa kutoka chini. Kisha muulizeni kama, kwa jicho hilo peke yake, bado anautambua uso wa mtu. Akisema ndiyo, msilale, panda basi la alfajiri.

Kijana wa Usambara

Nimechelewa kurudi hapa, niwieni radhi. Usiku ule tulifanya kipimo cha tochi. Mzee alionyesha juu, kulia na kushoto bila kusita; mwanga wa chini alisema sijawasha, na nilikuwa nimewasha. Baba mdogo alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, akaomba ashike tochi mwenyewe, akarudia mara tatu, kisha akasema viazi atachimba yeye. Uso wangu mzee aliuona kuanzia pua kwenda juu.

Tulishuka na basi la kwanza. Upasuaji ulifanyika kesho yake mchana, kwa dawa ya ganzi ya jicho tu. Daktari alisema kivuli kilikuwa kimegusa ukingo wa makula, na kwamba alikuta tundu moja kubwa juu na nyuzi nyingi za kovu zilizokuwa zikilivuta. Nilipomtajia Lushoto aliacha kuandika, akaniuliza tunaishi kwenye mwinuko gani, akachagua mafuta.

Leo ni siku ya kumi na mbili, tuko kwa shangazi Temeke. Mzee amelala kifudifudi kwa mtindo wa Bi Subira, kanga mbili na kigoda, ingawa redio ameikataa, anataka asomewe bei za viazi kutoka kwenye simu. Kivuli hakipo. Anaona ukungu, lakini anahesabu vidole vyangu kutoka mita mbili, na jana alimwambia shangazi kwamba kitenge alichovaa kina maua. Ni kweli kilikuwa na maua, ila alikosea rangi.

Swali langu la mwisho kwa Daktari: mafuta haya yanatolewa lini, na kwa sasa tuangalie nini? Jicho halina wekundu wowote, na sasa hilo halinitulizi hata kidogo.

Daktari wa Zamu

Nimefurahi kusikia hivyo. Mafuta kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 3 hadi 6, retina ikithibitika imeshika. Katika macho yenye makovu mengi wakati mwingine huachwa zaidi. Yakikaa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuiharibu konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kwa hiyo kila mnapokwenda kliniki hakikisheni shinikizo limepimwa na limeandikwa kwenye kadi. Ukungu alio nao kwa sehemu ni wa mafuta yenyewe, kwa kuwa yanapinda mwanga tofauti na maji, na miwani mkipima sasa mtainunua mara mbili. Mrudisheni haraka kivuli kikijitokeza upande wowote, jicho likiuma pamoja na kichwa na kichefuchefu, au uono ukishuka chini ya hapo alipo. Jicho la kushoto nalo lichunguzwe kwa mboni kupanuliwa kabla hamjapanda Lushoto, na kama lina mtoto wa jicho, msikubali lifanyiwe upasuaji mpaka la kulia litulie.

Kijana wa Usambara

La kushoto lina mtoto wa jicho. Tulikuwa tumepewa tarehe mwezi ujao. Kesho asubuhi nampigia simu muuguzi aahirishe.